Handwalla Bwana na Ngazi Isiyofika Katilu

Ukitoka Lodwar kwa barabara ya Kitale, ukaipita Lokichar, utafika Kalemngorok. Hapo unaiacha barabara kuu na kushika njia ya kuelekea Mto Turkwel, na baada ya mwendo wa vumbi unaanza kuona kijani. Hiyo ndiyo Katilu. Kwa miongo mingi sasa, tangu ukame ulipoua mifugo na kuwaacha wafugaji mikono mitupu, mfereji wa maji ya mto umewafanya watu wa hapa walime mtama na mahindi katikati ya nchi isiyo na mvua. Kando ya mto umeshamiri mathenge, mti ulioletwa Turkana miaka ya 1980 ili uzuie jangwa, nao ukageuka kuwa kero kuliko jangwa lenyewe.

Mathenge ni adui wa mpira. Jua likipoa vijana hujitokeza uwanjani, wengine peku, wengine na kandambili walizozikata kwenye matairi. Wakipata mpira wa ngozi kutoka kwa mfadhili au mwanasiasa, hauchukui siku nyingi. Mwiba mmoja, pumzi moja ndefu, mchezo umekwisha. Mpira wa makaratasi ya plastiki ndio unaodumu, kwa kuwa hauna upepo wa kutoka. Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, hata huo umekuwa wa kutafutwa. Siku hizi husokotwa kwa matambara na vipande vya gunia.

Zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, katika vumbi la namna hiyo hiyo, aliishi mtoto ambaye alitia saini mkataba wa kulipwa katika ligi kuu ya Marekani na Kanada, MLS, akiwa na miaka 18. Anaitwa Handwalla Bwana. Watangazaji wa Kimarekani walilitamka jina hilo bila kujua kwamba msikilizaji wa Mombasa anacheka: ukitaka kumwamkia kwa heshima, itakubidi umwite Bwana Bwana.

Hapa nataka kufuata njia aliyopita, shule kwa shule na timu kwa timu, na kuangalia ni nani aliyeijenga.

Kutoka Pwani hadi Tarach, 1991–2010

Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka Januari 1991, Wasomali waliokimbia vita walifika Kenya kwa njia mbili. Wengi walivuka mpaka kwa miguu na malori wakaishia kambi za Dadaab. Wengine, hasa watu wa miji ya mwambao, walipanda majahazi na kuteremka Mombasa, ambako kambi kama Utange zilifunguliwa kuwapokea. Hawakuwa wageni kabisa. Baadhi yao walikuwa wakisema Kiswahili cha kaskazini tangu enzi za mababu.

Lakini serikali ya Kenya haikupenda kambi karibu na hoteli za watalii. Katikati ya miaka ya 1990 kambi za Pwani zilifungwa moja baada ya nyingine, na waliokuwemo wakatakiwa kurudi kwao au kupanda mabasi kwenda kambi za mbali. Wapo waliojipenyeza mitaani Mombasa na kuishi kimya kimya. Wapo waliopelekwa Kakuma, ambako Kiswahili chao cha Pwani kilikutana na Kidinka, Kinuer, Kiamhara na Kiturkana.

Kakuma yenyewe ilikuwa changa. Ilifunguliwa 1992 kando ya Tarach, mto ambao mwaka mzima ni mchanga, kisha siku moja ya mvua unabeba nyumba. Wakazi wake wa kwanza walikuwa maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia baada ya utawala wa Mengistu kuanguka 1991. Kambi iliyoanza na wavulana ingekosaje mpira? Timu ziliundwa kwa makabila, kwa mitaa, kwa mataifa.

Bwana alizaliwa Mombasa Juni 1999, katika familia yenye asili ya Somalia, yaani miaka kadhaa baada ya kambi za Pwani kufungwa. Sehemu ya utoto wake aliishi Kakuma. Maisha ya huko yalikuwa ya kadi: kadi ya mgao iliyotobolewa kila ulipochukua unga na mafuta, na karatasi ya familia yenye majina yote, ambayo mama aliiweka mahali salama kuliko anapoweka pesa. Zaidi ya kadi kulikuwa na bodi. Katika miaka hiyo majina ya waliopangiwa intavyu ya kwenda ng'ambo yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na watu walikwenda kusoma bodi kama wengine wanavyokwenda kusoma matokeo ya mtihani. Wasomali wana neno la ugonjwa wa kuitamani safari hiyo hadi usingizi ukupotee: buufis.

Familia ya Bwana ilipita. Mwaka 2010, akiwa na miaka kumi na moja hivi, aliingia Marekani. Mwaka huo serikali ya Marekani ilikuwa imeweka kikomo cha kupokea wakimbizi 80,000 kutoka dunia nzima. Tukilitazama kwa macho makavu, hiyo ndiyo pasi ya kwanza iliyomfikia katika kazi yake ya soka, na haikupigwa na kocha yeyote.

Ballard, na soka ya kulipia

Familia ilikaa Seattle, mji wa mvua kwenye kona ya kaskazini magharibi ya Marekani. Ni mji wenye Wasomali, Waeritrea na Waethiopia wengi, na ni mji unaopenda soka kupita miji mingi ya nchi hiyo. Seattle Sounders walipoingia MLS mwaka 2009 walianza kujaza uwanja kwa idadi ambayo vilabu vingine vya ligi hiyo havikuwahi kuiona.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba mtoto akishafika Marekani, mlango wa soka uko wazi. Sivyo. Kule soka ya vijana ni mchezo wa wenye nacho. Mzazi hulipa ada ya klabu, safari, jezi na mashindano, na kwa mwaka mmoja hesabu hufika maelfu ya dola. Mtoto wa mkimbizi anaweza kuwa na chenga za kumlaza beki na bado asionekane na mtu, kwa kuwa wanaotafuta vipaji wako kwenye viwanja vya kulipia.

Palikuwa na mianya miwili. Wa kwanza ni shule ya umma. Bwana alisoma Ballard High School, kwenye mtaa uliokaliwa na wavuvi na mafundi wa mbao wengi wenye asili ya nchi za Skandinavia. Shule ya sekondari ya umma ya Marekani haina karo, ina uwanja, ina kocha na ina ratiba ya mechi inayojulikana tangu mwanzo wa muhula. Wa pili ni akademi ya klabu kubwa. Vilabu vya MLS vilipogundua kwamba vinapoteza vipaji kwa ajili ya ada, vilianza kulea vijana bila kuwatoza. Akademi ya Sounders ilikuwa mojawapo.

Mianya hiyo haikupatana. Kuanzia msimu wa 2012, shirikisho la soka la Marekani lilitaka vijana wa ligi yake ya akademi wasichezee shule zao, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Kijana alilazimika kuchagua: jezi ya wenzake wa darasani mbele ya kijiji kizima, au mazoezi ya kimya miezi kumi kwa mwaka. Bwana alipitia zote mbili, shule na akademi, na nadhani ndiyo maana mchezo wake ulikuwa na sura mbili. Alikuwa winga mwenye papara ya mtaani, wa kumkabili beki ana kwa ana, na papo hapo mtu aliyefundishwa wapi pa kusimama timu inapopoteza mpira.

Msimu mmoja wa chuo, 2017

Mwaka 2017 alijiunga na Chuo Kikuu cha Washington, hapo hapo Seattle, na kuvaa jezi ya zambarau ya Huskies chini ya kocha Jamie Clark.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana kwetu hakuna kitu cha kulinganisha. Chuo kikuu cha Marekani ni klabu ya michezo yenye darasa ndani yake, au darasa lenye klabu, inategemea unamuuliza nani. Msimu wa soka huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Desemba. Timu hucheza mechi ishirini hivi zilizobanana, wakati mwingine mbili kwa wiki. Wachezaji walikuwa hawaruhusiwi kulipwa; malipo yao yalikuwa ufadhili wa masomo, chakula, daktari na jina. Kwa miongo mingi huko ndiko ligi ya kulipwa ilikovuna. Kila Januari vilabu vilikusanyika na kuchagua kwa zamu wachezaji wa vyuo, jina moja moja, aliyeshika mkia msimu uliopita akianza.

Sheria nyingine ilimfaa Bwana zaidi. Klabu iliyomlea kijana katika akademi yake ina haki ya kumsajili moja kwa moja baada ya chuo, bila kumpeleka kwenye mnada huo. Seattle walikuwa mabingwa wa kuitumia. DeAndre Yedlin alipitia akademi, akaenda Chuo cha Akron, akarudi Sounders 2013 na mwaka uliofuata akacheza Kombe la Dunia. Jordan Morris alipitia akademi, akasoma Stanford, akarudi 2016. Njia ilikuwa imeshakanyagwa.

Mwaka huo huo wa 2017 ulikuwa na kelele nyingine. Januari 27 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwazuia raia wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia ikiwemo, na kusimamisha kwa muda mapokezi ya wakimbizi. Wiki moja baadaye, Februari 3, jaji wa mahakama ya shirikisho James Robart aliizuia amri hiyo nchi nzima. Alikaa mahakamani Seattle. Miezi michache tu baadaye, katika mji huo huo, mvulana wa asili ya Somalia aliyepitia Kakuma alikuwa anashangiliwa na wanafunzi kwenye uwanja ulio kando ya Ziwa Washington.

Alicheza msimu mmoja tu. Januari 2018 Sounders walimsajili.

Kulipwa, 2018–2022

Bahati ya mchezaji mara nyingi ni balaa la mwenzake. Februari 22, 2018 Sounders walikuwa El Salvador wakicheza na Santa Tecla katika Ligi ya Mabingwa ya kanda ya CONCACAF, Jordan Morris akaumia goti vibaya na kuukosa msimu mzima. Pembeni pakabaki wazi. Sounders wakaanza ligi kwa kuchechemea, na katika miezi hiyo ya dhiki kocha Brian Schmetzer akawapa dakika vijana, Bwana akiwa mmojawapo. Kisha katikati ya mwaka akaletwa Mperu Raúl Ruidíaz, timu ikashinda mechi tisa za ligi mfululizo, na dakika za vijana zikapungua. Ndivyo soka ya kulipwa ilivyo: ukifanikiwa kuokoa jahazi, nahodha hushukuru na kukurudisha ngamani.

Mwaka 2019 jina lake lilikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa. Fainali ilichezwa Seattle Novemba 10 mbele ya watazamaji 69,274, na Sounders wakaifunga Toronto 3–1. Morris alikuwa amerudi, Ruidíaz alikuwa moto, na Víctor Rodríguez ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa fainali. Winga chipukizi alikuwa na watu wengi mbele yake kwenye foleni.

Ukaja ugonjwa wa korona. MLS ilizikusanya timu Orlando, Florida, Julai 2020, zicheze bila mashabiki, zingine asubuhi mapema kukwepa joto. Julai 14 Sounders walikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Chicago Fire. Dakika ya 77 Bwana akasawazisha. Chicago wakafunga tena, Seattle wakalala 2–1, na bao lile likabaki kwenye vitabu kama bao la timu iliyofungwa. Mimi bado nalihesabu. Huku kwetu ilikuwa jioni, saa ambayo viwanja vya vumbi vya Kakuma hujaa watoto.

Oktoba mwaka huo Seattle walimpeleka Nashville SC, klabu iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza MLS, nao wakampata Mkolombia Jimmy Medranda. Mchezaji wa MLS hana la kusema katika biashara ya namna hiyo. Mkataba ni wa ligi, na asubuhi moja unaambiwa mji wako umebadilika. Huko Nashville hakupata nafasi ya kudumu. Mwaka 2022 klabu ikaachana naye.

Vilabu viwili, ubingwa mmoja. Mashabiki waliomtabiria makubwa wataiona hesabu hiyo ndogo. Mimi naiona kubwa, kwa kuwa wahitimu wengi wa soka ya vyuo Marekani hawachezi MLS hata dakika moja.

Waliopita milango mingine

Bwana hakuwa peke yake. Siad Haji, naye mtoto wa familia ya Kisomali aliyezaliwa Kenya katika ukimbizi, alilelewa Manchester, mji wa jimbo la New Hampshire, akasoma miaka miwili Virginia Commonwealth, na Januari 2019 San Jose Earthquakes wakamchagua wa pili kati ya wachezaji wote wa vyuo.

Anayejulikana zaidi hakupita chuo chochote. Awer Mabil alizaliwa Kakuma Septemba 1995, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan Kusini. Mwaka 2006 familia ilipelekwa Adelaide, Australia. Kule hakuna mfumo wa soka ya vyuo; akademi na klabu ya mji ndizo ngazi. Mwaka 2013, akiwa na miaka 17, alikuwa tayari amechezea timu kubwa ya Adelaide United. Mwaka 2015 akahamia FC Midtjylland ya Denmark. Oktoba 2018 alifunga katika mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa ya Australia, dhidi ya Kuwait, siku ambayo rafiki yake Thomas Deng, mzaliwa wa Nairobi, naye alianza. Juni 13, 2022 Australia na Peru zilimaliza dakika 120 huko Qatar bila bao, nafasi ya Kombe la Dunia ikiwa mezani. Penalti ya sita ya Australia aliipiga Mabil. Ikaingia. Kipa Andrew Redmayne akaokoa ya Peru, na mtoto wa Kakuma akaenda Kombe la Dunia.

Tofauti ya Mabil na Bwana ni umri wa kuingia kwenye mashine. Adelaide ilimtia Mabil kati ya watu wazima akiwa na 17. Mfumo wa Marekani humchelewesha kijana kwa shule na chuo, na kwa malipo hayo humwachia kitu mkononi iwapo goti litakatika. Kwa mpira peke yake, njia ya Australia ni bora. Kwa maisha, sina hakika.

Upande huu wa Turkwel

Sasa turudi Katilu, kwa kijana wa rika la Bwana. Naye alisoma sekondari, naye alicheza winga. Soka ya shule za Kenya huchezwa muhula wa pili: zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa. Kufika mechi za kaunti Lodwar ni safari ya kilomita zaidi ya 100 kwenye lori au basi la shule, kama lipo na kama lina dizeli. Ikishinda Lodwar, timu ya Turkana hukutana na kanda nzima ya Bonde la Ufa, wakiwemo mabingwa wa asili kama St. Anthony's ya Kitale, ambao husajili vipaji kutoka kila upande na hufanya mazoezi mwaka mzima. Mara nyingi safari huishia hapo. Wiki moja, basi la kurudi, na mwaka umekwisha.

Baada ya Kidato cha Nne hakuna ngazi ya pili. Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kilifunguliwa Lodwar mwaka 2017, mwaka ule ule Bwana alipovaa zambarau ya Washington. Ni jambo la kujivunia, lakini soka ya vyuo vya Kenya haijawahi kuwa mlango wa Ligi Kuu. Vilabu vya Nairobi na Magharibi huwachukua vijana kutoka sekondari zenye jina, na aliyepitwa akiwa na miaka 18 amepitwa.

Lipo jambo ambalo Waturkana husema kwa utani wenye uchungu: mkimbizi ana orodha, mwenyeji hana. Kwa zaidi ya miaka 30 ndege zimeondoka Kakuma zikiwa na watoto waliofika kule wakakuta shule yenye uwanja. Mtoto wa Katilu hawezi kuandikwa kwenye bodi ile, kwa kuwa yuko kwao. Silisemi kumwonea gere mkimbizi. Nchi iliyomchukua Bwana haikumchukua kwa ajili ya soka. Ilimpa shule, na shule ikawa na mpira ndani. Kaunti ya Turkana, inayogawa fedha za basari kila mwaka, ingeweza kufanya hivyo hivyo: basari ya mchezaji, basi la timu, na kocha wa mwaka mzima anayelipwa mshahara, si posho ya wiki ya mashindano.

Bodi nayo imenyamaza. Januari 20, 2025 Trump, aliporudi madarakani, alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na waliokuwa wamemaliza intavyu na vipimo wakabaki Kakuma na mabegi yao yamefungwa. Kambi na makazi jirani ya Kalobeyei zina watu takriban 300,000. Kwa mara ya kwanza tangu 1992, mvulana wa Kakuma na mvulana wa Katilu wanakaribia kuwa sawa.

Basi wewe unayepanga safari ya huko na kufikiria zawadi, jezi wanazo. Nenda na pampu, sindano zake, gundi na viraka, na panga la kukatia mathenge.